Jua la Kitengela

Watu wengi wa Kajiado wakisikia habari ya mtu kuuawa na joto, hufikiri Magadi tu, kule bondeni, ambako kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911. Kitengela, husema, kuna upepo wa uwandani. Nani atadhurika na jua huko? Dhana hiyo nusura imwue kijana mmoja.

Kijana huyo alitoka Nyandarua, nchi ya baridi, akapata kibarua cha kubeba zege katika nyumba iliyokuwa ikijengwa Kitengela. Ulikuwa mwezi wa Februari. Siku ya tatu, yapata saa nane mchana, karai lilimponyoka, naye akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Wenzake walicheka wakidhani amelewa. Mnyapara akasema, "Huyu ni mvivu. Akiketi, ujira wake wa leo nitaukata."

Fundi mmoja mzee alimgusa shingo, akaona yawaka kama sufuria. "Bwana mnyapara," akasema, "huyu hakulewa, jua limempata." Wakambeba hadi kivuli cha mgunga, wakamvua shati na viatu, wakammwagia maji mwili mzima huku wakimpepea kwa kipande cha katoni. Hawakumnywesha, kwa kuwa fahamu zilikuwa zimempotea naye angepaliwa. Kisha wakampeleka hospitali, akapona.

Mwili wa mtu una joto la kama digrii 37. Kazi nzito huongeza joto kutoka ndani, na jasho ndilo hulipunguza. Maji yakipungua, au mwili ukiwa haujazoea, joto laweza kupita digrii 40, na hapo ubongo hudhurika. Nao upepo wa uwandani hukausha jasho upesi, mtu asijue amepoteza maji kiasi gani.

Kinga yake si ngumu: kunywa kikombe cha maji kila robo saa au dakika 20 bila kungoja kiu, kupumzika kivulini, na mgeni kuongezewa kazi kidogo kidogo kwa juma moja au mawili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa.

Lakini maji hayamfai kibarua aogopaye kuyafuata. Kijana yule alikiri baadaye kwamba kiu ilimshika tangu asubuhi, ila aliona haya kuondoka mbele ya wenzake. Tangu siku ile mnyapara aliweka pipa la maji chini ya mgunga ule ule, naye mwenyewe akawa wa kwanza kunywa, ili asiwepo mtu wa kuona haya.