Kutafuta Malazi Kando ya Ziwa

Mtu aliyezaliwa mbali na maji mengi huwa na tamaa moja apatapo likizo: alale mahali ambapo akifungua dirisha asubuhi ataliona ziwa, na watoto wake wapate kuogelea. Tamaa hiyo si mbaya. Ubaya huingia pale anapouliza bei ya chumba, chakula na nauli, asiulize habari za maji yenyewe. Kitanda kibaya humchosha mtu usiku mmoja tu. Maji mabaya huweza kumfuata hata nyumbani kwake.

Yafaa kukumbuka ya kuwa maziwa ya Kenya si ya namna moja. Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi; ni mazuri kutazamwa, lakini si ya kuogelea, na kando ya Bogoria zipo chemchemi za maji ya moto yawezayo kumbabua mtu. Naivasha na Baringo yana maji matamu, lakini yana viboko, na Baringo lina mamba pia. Tena mwaka 2020 maji ya Baringo yalipanda yakafunika nyumba, shule na hoteli, hata watu wengi wakahama. Basi nyumba iliyo karibu mno na maji si lazima iwe ndiyo nyumba bora.

Karani mmoja, baba wa watoto watatu, alijifunza mengi alipowapeleka watu wake Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Walivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno, na watoto hawakuzungumza jambo lingine njiani ila kuogelea. Nyumba ya kwanza waliyoonyeshwa ilikuwa penye ghuba ndogo iliyotulia, yenye matete pande zote, na bei yake ilikuwa nafuu. Watoto walikwisha kuvua mashati. Mwenye nyumba akasema, “Bwana, watu wa hapa huoga humu kila siku, na hawajafa.”

Karibu nao palikuwa na mama mmoja mzee akianika omena. Karani akamwamkia kwa heshima, akamwuliza, “Mama, maji haya ni salama?” Mama akajibu, “Mwanangu, sisi huoga humu kwa kuwa hatuna mfereji. Wajukuu wangu hupewa dawa shuleni kwa sababu ya maji haya haya. Wewe unao mfereji kwako. Unatafuta nini humu?”

Mama yule alisema kweli. Maji yaliyotulia penye majani ndiyo makao ya konokono wachukuao kichocho. Mgonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya wadudu huanguliwa humo, wadudu huingia katika konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu, hata kama hana kidonda. Hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo watoto hupenda kuoga. Ugonjwa huu usipotibiwa huweza kuharibu ini na matumbo.

Karani akachukua nyumba ya pili, iliyo juu mlimani, yenye mfereji uani, ingawa bei yake ilizidi. Watoto walilia. Siku ya pili akawalipia kiingilio katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na jioni wakalitazama ziwa kutoka katika daraja la Rusinga. Fedha zilipungua, na likizo ikafupishwa kwa siku moja, lakini hakujuta.

Basi atafutaye malazi na aulize maswali haya kabla ya kutoa fedha. Je, vyoo vya nyumba hii na vya jirani viko wapi, na maji yake huelekea wapi? Je, viboko hupanda kula majani upande gani usiku? Maana kiboko akutanapo na mtu aliyemzibia njia ya kurudi majini huwa hatari sana. Je, kina cha maji huanza wapi, na upepo wa alasiri huleta mawimbi ya namna gani? Maswali haya na yaulizwe kwa wavuvi na akina mama wachotao maji, si kwa mwenye chumba peke yake.

Ikiwa mtu amekwisha kuingia majini, asiogope wala asinyamaze. Na aende zahanati baada ya wiki sita hadi nane, apimwe, maana kabla ya hapo mayai huenda yasionekane. Dawa ya prazikwanteli ipo, nayo huponya.

Wenye nyumba za wageni nao wana wajibu wao. Na wajenge vyoo vizuri mbali na ufuo, na wamwambie mgeni mahali pasipofaa kabla watoto hawajavua mashati. Mgeni aliyeambiwa kweli hurudi mwaka wa pili, na huleta wenzake.