Njia ya Kolwezi na Pikipiki yenye Sauti



Wenye kuijua njia ya Kolwezi wanajua ya kuwa si njia ya kusinzia. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Kufika Kolwezi, ambayo tangu mwaka 2015 ni kichwa cha jimbo la Lualaba, ni karibu 300. Malori ya shaba na kobalti yanashuka humo muchana na usiku kuelekea Kasumbalesa.

Mimi ninapita njia hiyo na pikipiki ya zamani, BMW R 80 RT ya mwaka 1986, yenye kioo kikubwa cha upepo na masanduku mawili kando. Baba mukubwa aliniachia. Alikuwa amefungia ndani radio ya kasete na vipaza-sauti viwili vidogo. Kisha miaka mingi, karatasi za vipaza-sauti zilipasuka, na radio ikaanza kumeza kasete.

Mwezi wa saba, mwaka 2018, mutoto wa dada yangu alikuwa anaoa kule Kolwezi. Nikasema: safari hii nitatengeneza sauti. Sokoni nikanunua ampli. Juu ya karto yake waliandika wati 1000. Nikaipeleka kwa kijana mumoja, fundi wa radio. Akaigeuza, akanionyesha fizibule kwa nyuma.

“Papa, angalia. Hii fizibule ni ya ampere 10. Batri yako ni volti 12. Kumi mara kumi na mbili ni ngapi?”

“Mia moja na makumi mbili.”

“Sasa zile wati 1000 zitatoka wapi?”

Nilicheka, lakini nilipata haya. Tena akanieleza ya kuwa pikipiki yangu yenyewe inafanya umeme wa wati 280 tu, na hizo ni wakati injini inazunguka kwa nguvu. Taa kubwa inakula 60, na buji zinakula zao. Akanishauri nitafute vipaza-sauti vizuri visivyoogopa maji, waya munene wa kutoka kwa batri, na fizibule ingine karibu kabisa na batri. Nilikubali yote, lakini fizibule ya pili hakuwa nayo siku ile, na mimi nilikuwa na haraka.

“Tutaiweka siku ingine,” nikasema.

“Papa, si vizuri.”

Nikamulipa, nikaenda.

Nilitoka asubuhi na baridi kali, nikaacha nyuma ule mulima mweusi wa takataka za shaba na shimini yake ndefu. Nyimbo za kwaya zilisikika vizuri. Lakini kupita kilometa 80 kwa saa, upepo ulimeza sauti. Nikaongeza. Upepo ukameza tena, nikaongeza tena. Sikujua ya kuwa ukizidisha wati mara mbili, sikio linasikia tofauti kidogo tu. Kusudi lisikie kama mara mbili, inaomba wati karibu mara kumi!

Kupita Luisha, nilikuwa katikati ya njia nikikwepa mashimo. Niliona kivuli kikubwa juu ya mikono yangu. Lori! Nikajitupa kwa majani, nayo ikapita. Mama mumoja mwenye kuuza makala akanipigia kelele:

“Papa, uko kiziwi? Ile lori iko inakuita tangu kule!”

Sikuwa na jibu. Nikapunguza sauti, nikaendelea polepole.

Mbele ya Fungurume nikasikia harufu ya mupira unaoungua. Ule waya munene ulikuwa umesuguliwa na chuma chini ya tanki mpaka ngozi yake ikatoka, na hapakuwa fizibule ya kukata umeme. Juu yake kuna petroli zaidi ya litre makumi mbili. Nilizima injini, nikafungua kiti, nikang’oa waya kwa batri. Vidole viliungua. Nilikaa chini kando ya njia, nikafikiri juu ya bibi yangu na watoto.

Nilifika Kolwezi bila muziki. Njiani nilisikia watoto wa masomo wakiitana, honi za malori, na injini yangu ikigonga ka-ka-ka upande wa kushoto. Baba mukubwa alizoea kusema: pikipiki ya zamani inaongea, kazi yako ni kusikiliza. Ilikuwa vavu yenye kuomba kurekebishwa. Kama ningekuwa na kelele, nisingejua.

Siku ya arusi, mukwe wetu aliweka waya mupya na fizibule ya ampere 10 karibu na batri. Pikipiki ilisimama uani, ikachezesha watoto, lakini kila nusu saa tuliwasha injini kusudi batri isife.

Vijana, kama munataka sauti kwa pikipiki, mushike haya. Fizibule kwanza, muziki kisha. Waya usipite pahali pa kusuguliwa. Angalieni saa ya volti: injini ikitembea, inapaswa kuonyesha karibu 14, ikishuka chini ya 12 na nusu, muzime ampli. Mulinde masikio pia: waganga wanasema desibeli 85 zinavumilika saa 8, lakini desibeli 100 dakika 15 tu. Na kama husikii honi ya nyuma, sauti yako imepita kipimo.

Yule fundi nilirudi kwake. Nilimuomba musamaha, nikamulipa ile fizibule ya pili.