Neno Kufika Si Maana Kufika

Mawasiliano ya binadamu husimama juu ya nguzo chache: mtoa ujumbe, ujumbe wenyewe, njia ya kuupitisha, mpokeaji na mrejesho. Wanafunzi wa lugha huzikariri nguzo hizi mapema na kuzijibia mitihani. Hata hivyo, uzito wake hudhihirika pale mojawapo inapoteleza na mtu akala hasara.

Kisa cha mama mmoja mkulima wa majani chai huko Silibwet, Kaunti ya Bomet, chatosha kuwa mfano. Karani wa kituo cha kununulia majani alimtumia arafa: "Gari kesho 11." Mama akajibu, "Sawa." Karani alikuwa amehesabu saa kwa mtindo wa Kiingereza, akikusudia saa tano asubuhi. Mama alihesabu kwa mtindo wa Kiswahili. Kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni. Alichuma kwa utulivu, majani mawili na chipukizi, akafika kituoni alasiri na magunia yamejaa.

"Mama, gari liliondoka saa tano," karani alimwambia.

"Mwanangu, si wewe uliandika kumi na moja?"

Majani mabichi hayangoji. Yakisongamana guniani hupata joto, hubadilika rangi, nacho kiwanda huyakataa. Kazi ya siku nzima ilimwagwa, na pamoja nayo sehemu ya karo ya mtoto.

Mwaka 1948, Claude Shannon wa Marekani alichapisha nadharia yake ya kihisabati kuhusu mawasiliano. Alichunguza jinsi ishara inavyosimbwa, ikapita katika njia yenye kelele, kisha ikasimbuliwa. Suala la maana aliliweka kando, kwani halikuwa shida ya mhandisi. Kwa kipimo hicho, arafa ya karani ilifaulu: tarakimu zilifika kama zilivyotumwa.

Kelele za matamshi nazo zipo. Katika lugha ya Kipsigis, sauti /k/ na /g/ hazitofautishi maana. Hivyo basi, "wamekoma" huweza kusikika kama "wamegoma". Katika nchi ya chai, wachumaji waliokoma kazi jioni si sawa na waliogoma. Lakini hapo msikilizaji hushtuka, akauliza. Tarakimu 11 haikumshtua yeyote, kwa kuwa kila upande ulikuwa na maana yake, kamili na isiyo na shaka.

Je, "sawa" ya mama haikuwa mrejesho? Ilikuwa, ila ilithibitisha kupokea tu. Mtu akiamkuliwa "Chamgei" huitikia "Mising", na yatosha, maana salamu hutafuta ujirani. Ujumbe wenye saa na hasara ndani yake hudai zaidi. Laiti mama angejibu, "Nitakuwa hapo jioni, mwanangu," karani angeligundua kosa siku moja kabla.

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Hata hivyo, mzigo huo usiachiwe mpokeaji peke yake. Anayeanzisha mazungumzo ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya kuzingatia mwenzake huhesabu vipi, husoma vipi na husikia vipi. "Saa tano asubuhi" ni maneno matatu tu, na magunia yale yangepimwa.