Kipokezi, Hodi na Woga

Mwoga wa Kiswahili huogopa kwa viungo vyake vyote. Moyo humwenda mbio, nywele humsimama, mikono humpoa, macho humtoka pima. Kwa miaka mingi nilizifundisha nahau hizi katika kipindi cha Kiswahili, kisha katika kipindi cha Biolojia nikafundisha tezi na homoni, kwani chuoni niliandaliwa kwa masomo yote mawili. Kustaafu kumenipa wasaa wa kuyasoma pamoja.

Adrenalini hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Figo, ndugu watunzi! Sisi tunaimba moyo na maini tu. Kutoka huko homoni husafiri na damu mpaka kwenye seli, lakini haiingii ndani. Hufanya kama mgeni abishaye hodi katika nyumba zetu za Ujiji: yeye husalia barazani, na habari yake ndiyo ipelekwayo ndani. Aipokeaye hodi hiyo ni protini iliyoupenya utando wa seli mara saba, kama uzi wa mshona kofia. Ikiguswa kwa nje hujipinda, na kwa ndani huamsha protini nyingine. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka wa Marekani walitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2012 kwa kuuchunguza ukoo huu.

Mapema zaidi, mwaka 1948, Raymond Ahlquist alikuwa amependekeza kuwa ziko aina mbili, alfa na beta. Baadaye beta nayo ikagawanywa. Hapo nahau zetu zinapata makazi. Nywele kusimama na mikono kupoa ni kazi ya alfa. Moyo kwenda mbio ni beta ya kwanza hasa. Kifua kufunguka, ili mtu apate pumzi ya kukimbia au kupiga kasia, ni beta ya pili.

Wapo wanaotaka tuseme "mpokezi". Mimi nasema "kipokezi", kwa kuwa hakina hiari. Ngeli ya watu ingekipa nia kisiyo nayo.

Siku moja nilimsindikiza kwa daktari jirani yangu, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, ambaye moyo ulikuwa ukimdunda ovyo. Daktari akamwuliza, "Mzee, una pumu?" Akajibu hana. Nikaingilia:

"Bwana mkubwa, usiku wa kusi, ukiwa ziwani, kifua hakikubani?"

"Kinabana, tena hulia kama filimbi. Lakini hiyo si pumu, Mwalimu. Hiyo ni baridi ya ziwa."

Kalamu ya daktari ikasimama. Baadhi ya dawa za kutuliza moyo, propranololi ikiwa mojawapo, huziba vipokezi vya beta bila kuchagua. Zikiizuia hodi moyoni, huizuia na mapafuni, na mwenye pumu aweza kukosa pumzi hata akafa. Salbutamoli, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, hufanya kinyume: hubisha hodi kwa beta ya pili, njia za hewa zikalegea.

Akaandikiwa dawa nyingine. Njiani alitaka kujua kwa nini dawa ya moyo iulizie kifua, nami nikamweleza habari za mgeni na baraza. Alisikiliza mpaka tukafika kwake. Tangu siku hiyo anaviita mabawabu, na sijamsahihisha.