Mpira wa chini ya mkongojo

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaomba mgeuze mikongojo yenu, muangalie chini.

Babu zetu walikata fimbo tu. Ilipasuka, ikalika, ikawa fupi. Wengine wakaivisha pete ya chuma: haipasuki tena, ila kwenye sementi inateleza kama sabuni. Mpira ulifaa baada ya Charles Goodyear kugundua, mwaka 1839, namna ya kuupika na salfa usiyeyuke kwa joto. (Sisi wa Congo tunajua wazee wetu walivyochumishwa mpira kwa kiboko wakati wa Leopold, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Ule mpira una mistari ya mviringo, ndiyo inashika chini. Changarawe ya kupanda Arua Hill inaila haraka, hasa upande mmoja. Ikiisha, mvua ikinyesha, mzee anaanguka kwenye sementi ya kituo cha afya. Nyonga ikivunjika, nani atamchotea maji? Nani atampangia foleni ya posho?

Kama hakuna mpya, fundi viatu atakukatia kipande cha tairi kuukuu. Kufunga tyubu ya baiskeli hakufai, inazunguka. Msumari uzame ndani kabisa. Tairi ikilika ukatokeza, ni chuma tena.

Jumamosi watoto wa darasa la nne watapita nyumba kwa nyumba kukagua. Wapokeeni, hata kama wanacheka-cheka.