Ngoma ya Mita 402

Mashindano ya gari mbili mbili katika njia iliyonyooka kwa desturi hukomea robo maili, yaani mita 402, lakini maandalizi yake hula miaka na mishahara. Itazame Toyota Supra ya 1993 hadi 2002. Injini yake ya lita 3, silinda 6 zilizopangwa safu moja ndani ya bloku ya chuma cha kusubu, katika toleo lake lenye nguvu zaidi ilitoka kiwandani na tabo mbili: ya kwanza huamka mapema, ya pili huifuata kasi ikipanda. Mpenda mbio huziondoa zote, akaweka moja kubwa. Hapo deni huanza. Hewa ikizidi, petroli nayo sharti izidi. Basi pampu na nozeli hubadilishwa. Hewa iliyoshindiliwa hupata moto. Basi kipoza hewa hukuzwa. Nguvu ikishuka chini, huzikuta klachi, ekseli na matairi yale yale ya jana.

Baharia atakaye kuongeza tanga huutazama kwanza mlingoti. Asiyeutazama, petroli ikipungua ilhali hewa imejaa, pistoni zake huyeyuka kabla hajauona mwisho wa njia, na akiba ya miaka ikenda nazo. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka; fundi hodari huipapasa ngozi kabla ya kupiga.