Mito ya kuzungushia berso: tuifunge ao tuiondoe?



Siku ya posho, tulipokwisha kuhesabu makuta ya likelemba, mwenzetu mmoja aliyezaa miezi mitatu iliyopita alifungua mfuko. Ndugu yake wa Ubelgiji alimtumia berso ya mbao pamoja na mito ya kuizungushia, yenye sponji ndani na picha za tembo, ya kufunga kwa kamba kwenye miti ya pembeni. Kitu kizuri sana. Lakini usiku mmoja aliamka akakuta mtoto amejisukuma mpaka pembeni, pua na kinywa vimegandamana na sponji. Alimvuta, mtoto akalia. Alisema hajawahi kufurahia kilio namna ile. Akafungua kamba zote, na sasa alituuliza: "Niirudishe ao niiache?"

Tulibishana. Wazee wetu walisema: bila mito mtoto atapiga kichwa kwenye mbao, mkono utapita kati ya miti, na baridi ya usiku hapa Bukavu tunaijua. Hayo ni ya kweli, na sisi wote tulilelewa katikati ya mito na vikwembe.

Lakini muuguzi aliye mmoja wetu alitueleza. Mtoto wa miezi michache anaweza kugeuza uso kwenye kitu laini, ila hana nguvu ya kujiondoa. Pua ikizibwa, anavuta tena hewa ileile aliyoitoa, na anaweza kufa kimya. Akipiga kichwa kwenye mti, atalia na mama atamnyamazisha. Mkono ukikwama, atalia pia. Tena akianza kusimama, anaikanyaga mito kama ngazi na kuanguka nje. Marekani, tangu 2022, sheria inakataza kuiuza.

Juu ya baridi, tumvalishe mtoto vizuri, soksi na mikono mirefu. Juu ya miti, tupime: nafasi isizidi sentimeta 6. Ikizidi, sermala aongeze miti, kwani mito haiponyeshi berso mbaya.

Wengi wetu hatuna berso, watoto wanalala nasi. Shauri ni lilelile. Mito na vikwembe tunavyokunja pembeni ili mtoto asianguke, navyo vinaziba pua. Tumlaze chali, kwenye godoro gumu, na tusiache nafasi kati ya kitanda na ukuta. Kitu kimoja kibaki: chandarua, kikazwe na kuingizwa chini ya godoro, kisimguse uso.

Basi tulikubaliana: iachwe. Likabaki neno gumu, kumwambia ndugu aliyejinyima ili atume zawadi. Tulimshauri mwenzetu amshukuru na amwambie ukweli. Alipiga simu palepale, mbele yetu. Ndugu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mtoto kwanza."

Mito hatukuitupa. Tuliikata na kuishona upya, na sasa wamama wanaonyonyesha wanaikalia katika mikutano yetu. Njooni muone tembo wetu.